Kumtafuta na Kumlinda Nondo-Mwezi wa Pwani: Mwongozo kwa Mkaazi wa Mombasa

Mtu wa Mombasa akitajiwa nondo, fikira zake hukimbilia ama vyuma vya mjengo ama mdudu mdogo wa rangi ya vumbi anayetoboa nguo zilizowekwa sandukuni. Mwongozo huu unamhusu nondo wa namna nyingine kabisa: mdudu wa kijani kilichochanganyika na manjano, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hufikia upana wa sentimita 10 hadi 12, na ambaye kila bawa lake la nyuma limerefuka likawa mkia mwembamba unaopepea anaporuka. Wataalamu humwita Argema mimosae, na anapatikana kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini. Hapa nitamwita nondo-mwezi, kwa ajili ya madoa ya mviringo yaliyomo mabawani mwake kama miezi midogo.

Nondo wa Afrika waliowahi kutathminiwa rasmi kuhusu hatari ya kutoweka ni wachache mno, kwa hiyo asidhani mtu kwamba mdudu akikosekana katika orodha za viumbe walio hatarini basi yu salama. Kipimo kilicho karibu nasi ni mti unaolisha viwavi wake. Vichaka vya Kilifi na Kwale vinakatwa kwa makaa, kwa mashamba na kwa viwanja vya kuuza, na mti ukiangushwa, huanguka pamoja na mayai, viwavi na vifukofuko (vifuko vya hariri ambamo kiwavi hugeuka nondo) vilivyokuwa juu yake.

Kisa cha nondo mmoja wa California, Marekani, kinafaa kutajwa kabla hatujaanza. Nondo huyo, Euproserpinus euterpe, alidhaniwa kuwa ametoweka hadi alipoonekana tena mwaka 1974 katika bonde la Walker, na mwaka 1980 akawekwa chini ya ulinzi wa sheria. Waliomchunguza waliona majike wakitaga mayai kwenye mmea wa kigeni uitwao Erodium cicutarium, na viwavi walioanguliwa hapo hawakuweza kuishi, kwa sababu chakula chao ni mmea mdogo wa asili wa jamii ya Camissonia. Mayai yalikuwapo, na majani ya kijani yalikuwapo, lakini hayakuwa majani yanayohitajika. Kwa nondo-mwezi wetu jambo hili ni zito hata zaidi, kwa kuwa akishaota mabawa hana mdomo wa kulia: huishi siku chache tu, kwa akiba aliyojiwekea mwilini alipokuwa kiwavi. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na mti, na taa za usiku zitasubiri.

Hatua ya kwanza: ujue mti kabla ya kumtafuta mdudu

Jina mimosae, lililotolewa na mtaalamu wa Kifaransa Boisduval mwaka 1847, linapotosha, kwa maana linafanana na mimosa, jina la mimea ya ukoo wa migunga, nalo humfanya mtu akaanze kukagua migunga. Mti unaojulikana zaidi kuwa mlezi wa viwavi hawa ni mng'ong'o, ambao kitaalamu huitwa Sclerocarya birrea, na ambao ni wa jamii moja na mwembe na mkorosho.

Kisiwani Mombasa ni nadra kuuona. Barabara zetu zimejaa mwarobaini, mkungu na minazi, na kule Bamburi mvinje ndio uliotumiwa kufufua machimbo ya mawe kuanzia mwaka 1971. Yote ni miti yenye faida zake, lakini si chakula cha mdudu huyu. Kwa hiyo vuka Makupa uelekee Mazeras na Mariakani, au vuka Likoni uelekee Kwale na Kinango, ukatazame kingo za mashamba na vichaka vikavu ambako wenyeji wameuacha mti huo kwa ajili ya kivuli na matunda.

Ukifika chini ya mti unaoushuku, tazama gome lake kwanza. Gome la mng'ong'o ni la kijivu, nalo hubanduka kwa vipande vya mviringo na kuacha vishimo vilivyopauka. Kisha inua macho kwenye ncha za matawi, kwa sababu majani husongamana huko na kuacha sehemu kubwa ya tawi ikiwa tupu; jani moja limegawanyika kuwa vijijani vingi vilivyokaa jozi jozi, na kimoja peke yake mwishoni, kila kimoja kikiwa na ncha iliyochongoka. Mche mchanga huwadanganya wengi, kwa kuwa vijijani vyake vina meno meno pembeni, ilhali vya mti uliokomaa kwa kawaida ni laini ukingoni. Mwisho tafuta kokwa ardhini. Matunda huanguka yakiwa mabichi na kuiva manjano chini ya mti, na kokwa lake gumu lina vifuniko viwili au vitatu upande mmoja, ambavyo ukivipapasa kwa kucha utavihisi. Usipoona kokwa hata moja, usiukatae mti kwa sababu hiyo pekee: ming'ong'o ya kiume na ya kike ni miti tofauti, na ile ya kiume haizai.

Andika mahali pa kila mti uliouhakikisha. Miti mitano unayoijua vyema, unayoweza kuirudia msimu baada ya msimu, itakufaa kuliko mia uliyoiona dirishani mwa matatu.

Hatua ya pili: omba ruhusa

Mti ulio shambani una mwenyewe, na hodi ya mlangoni haichukui muda. Ndani ya Hifadhi ya Shimba Hills usikusanye chochote bila kibali, kwa maana wanyamapori wa Kenya, wadudu wakiwemo, wako chini ya sheria ya mwaka 2013 ya uhifadhi na usimamizi wa wanyamapori. Misitu ya kaya za Wamijikenda, yaani misitu mitakatifu ya mababu zao, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, ina sheria zake za zamani zaidi: nenda kwanza kwa wazee wa kaya, ueleze unachokitafuta, na ukubali jibu lao hata likiwa ni hapana. Katika Kaya Kinondo, kule Diani, mgeni hufungwa kaniki kiunoni kabla ya kuingia na huongozwa na mwenyeji. Misitu hiyo ingali imesimama kwa sababu ya makatazo hayo hayo, na mpenda wadudu anapaswa kuyaheshimu kuliko mgeni mwingine yeyote.

Hatua ya tatu: tafuta dalili mchana

Wengi hufikiri kwamba nondo hutafutwa usiku tu. Kwa uzoefu wangu, saa mbili za asubuhi chini ya mti mmoja hufundisha zaidi ya usiku mzima wa kukesha, kwa sababu mdudu huyu huishi na mabawa kwa siku chache tu, ilhali kiwavi hukaa mtini kwa majuma kadhaa, na kifukofuko hukaa miezi.

Mvua zikishanyesha na mti ukachipua, tafuta kinyesi cha viwavi. Tandaza shuka nyeupe chini ya tawi jioni, uiwekee mawe pembeni, na uirudie alfajiri. Kinyesi cha kiwavi mkubwa hakifanani na cha ndege wala cha mjusi: ni vipande vikavu, vifupi na vinene kama mapipa madogo, vyenye mifereji iliyonyooka kuanzia juu hadi chini, na vikiwa vibichi huwa na rangi ya kijani iliyokolea. Ukivikuta vimerundikana mahali pamoja, simama hapo hapo, utazame juu wima, kisha ufuate tawi polepole hadi uone vijijani vilivyoliwa vikabaki vikonyo. Kiwavi mwenyewe ni wa kijani, mnene, mwenye vinundu vya nyama mgongoni, na rangi yake huingiana na majani kiasi kwamba jicho litampita mara tatu kabla ya kumnasa. Usimbandue. Miguu yake ya nyuma hushika tawi kwa nguvu, na ukimvuta utamjeruhi.

Kiangazi cha kaskazi, kuanzia Januari hadi Machi, ndicho kipindi cha kutafuta vifukofuko, kwa kuwa mng'ong'o hupukutisha majani na kilichokuwa kimefichika huonekana. Mara ya kwanza nilioneshwa na bibi mmoja katika shamba lake nyuma ya Kaloleni. Nilikuwa nimezunguka mti wake kwa nusu saa nikitazama matawi ya juu kabisa, naye akanisogelea na kuniuliza, "Mwanangu, watafuta nini huko juu, na mwenyewe yuko hapa begani pako?" Kilikuwa kimeshikamana na kijitawi kilichokuwa kimeninyong'onyea mbele ya uso: kitu cha umbo la yai, cha rangi ya fedha iliyofifia, chenye vijitundu vidogo vidogo ambavyo mtu angedhani ni kazi ya fukusi. Nilipokikaribia niliona nyuzi za hariri zilizosukwa na kugandamana hadi zikawa ngumu kama karatasi nzito. Nilinyoosha mkono. Bibi akanishika kifundo akasema, "Kiache kwanza. Kizito ni hai, chepesi kimeshatoka." Alikuwa na haki, nami nawapa wasomaji kanuni yake: inamisha kijitawi taratibu bila kukivunja, kama kifukofuko kinakilemea tawi na hakina tundu kubwa mwishoni, ndani mna pupa, yaani mdudu aliye kati ya kiwavi na nondo, anayengoja mvua. Kama kina tundu pana upande mmoja, nondo ameshatoka, na hicho unaweza kukichukua kwa ajili ya kumbukumbu zako.

Kifukofuko kizima kisichukuliwe kupelekwa nyumbani eti kikalindwe. Kilipo ndipo unyevu na joto vinapokwenda na msimu, na nondo atakayetoka Machi sebuleni Tudor hatakuta mwenzi.

Hatua ya nne: taa na shuka

Usiku unaofaa ni ule usio na mwezi, wenye joto, unyevu na upepo mdogo, hasa siku chache baada ya mvua za kwanza za masika au za vuli. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, baki nyumbani.

Tundika shuka nyeupe kati ya miti miwili, mita kadhaa kutoka kwenye mng'ong'o wako, na uweke taa mbele yake. Karabai bado ni chombo kizuri kama unayo, ingawa taa ya miale ya urujuanimno (UV) inayotumia betri huvuta wadudu wengi zaidi na haina hatari ya moto. Taa ya namna hiyo isitazamwe moja kwa moja, na watoto wakalishwe nyuma yake. Nondo wadogo watafika mapema. Wakubwa wa kundi hili aghalabu huchelewa, na huenda ukangoja hadi baada ya saa sita usiku. Dume utamtambua kwa papasi zake za kichwani, ambazo ni pana kama manyoya ya ndege, kwa kuwa ndizo anazotumia kunusa harufu ambayo jike huitoa hewani akiwa ametulia tawini. Jike ana papasi nyembamba zaidi na tumbo nene.

Mpige picha juu na chini ya mabawa, kisha muache. Usishangae mkia ukiwa umekatika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu nondo wa Marekani wa jamii yake ulionesha kwamba mikia mirefu inayozunguka huvuta shambulio la popo kwenye sehemu isiyo muhimu kwa uhai, ili mwili upone. Nondo asiye na mkia mmoja huenda ni yule aliyeokoka.

Sasa liko jambo ambalo naomba lisipuuzwe. Taa inayomleta nondo ndiyo inayomuua. Akishaizoea nuru hukaa hapo mpaka kuche, na kukicha kunguru huja. Nimepita mara nyingi alfajiri kwenye kuta za majengo yenye taa kubwa kando ya barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, nikakuta sakafuni mabawa matupu, miili imeshaliwa. Siku moja katika takataka hizo niliokota mkia wa kijani wenye urefu wa kidole changu cha kati, na ndio uliokuwa ushahidi wangu wa kwanza kwamba nondo-mwezi yupo upande ule. Kwa hiyo zima taa saa nane usiku kwa kuchelewa, kung'uta shuka polepole, na uwahamishe waliosalia hadi kwenye kichaka chenye giza. Usiwashe taa mahali pamoja usiku mbili mfululizo, maana kila saa ambayo jike anaipoteza mbele ya shuka yako ni saa ambayo hakutaga. Na taa za usalama za nyumbani kwako, kama zipo, zielekeze chini au zifunge kwa kidude kinachowaka mtu anapopita tu.

Hatua ya tano: weka kumbukumbu

Andika tarehe, saa, mahali, hali ya hewa, aina ya mti, na kama uliona yai, kiwavi, kifukofuko au nondo. Usiku usioona kitu nao uandikwe. Picha ziweke katika programu ya iNaturalist, ambako wataalamu wa nchi nyingi huzikagua, lakini chagua kuficha mahali kamili, kwa sababu vifukofuko vya nondo wakubwa huuzwa duniani na picha yenye ramani ni mwaliko kwa mkusanyaji. Zipo njia halali za kunufaika na wadudu wa msituni: mradi wa Kipepeo wa Gede, ulioanza mwaka 1993, umewawezesha wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke kufuga vipepeo na kuuza pupa bila kuumaliza msitu.

Hatua ya sita: otesha mng'ong'o

Okota makokwa chini ya mti wa kike, katika eneo lile lile unalotaka kupanda. Ondoa nyama yote ya tunda, yaanike kivulini, na uyahifadhi makavu kwa miezi michache, kwa maana mbegu mbichi huota kwa uvivu. Siku ya kupanda, yaloweke usiku kucha, kisha kwa ncha ya kisu kidogo bandua vile vifuniko bila kuichoma mbegu iliyo ndani. Kazi hii inataka subira na mkono mkavu. Nimeona watu wakipiga kokwa kwa nyundo na kusaga kila kilichokuwamo. Panda katika mchanga uliochanganywa na samadi kidogo iliyooza, ndani ya madebe au madumu yaliyokatwa na kutobolewa chini, kwa kina kisichozidi unene wa kokwa mara mbili. Mwagilia, lakini usifanye tope.

Ipo pia njia ya gogo. Kabla mti haujachipua, kata tawi lenye unene wa sentimita 10 hadi 15 na urefu wa mita mbili, kwa ruhusa ya mwenyewe na baada ya kulikagua lisiwe na vifukofuko, ulisimike mvua zinapokaribia. Faida ya njia hii ni kwamba unajua jinsia ya mti: gogo la mti wa kike litakuwa la kike.

Chagua mahali penye jua la kutosha, mbali na ukuta na tangi la maji taka, na mbali na taa. Ua mdogo wa Majengo au Old Town haufai. Shamba la babu huko Rabai au uwanja wa shule vitafaa zaidi. Ukiwa na nafasi ya miti kadhaa, ipande kwa kundi, isitawanyike. Usiudhani mwembe kuwa badala yake kwa kuwa ni wa jamii moja. Na katika mti huo na majirani zake usipulize dawa ya wadudu wala maji ya mwarobaini, ambayo watu huyahesabu kuwa hayana madhara ilhali huwazuia viwavi kula na kukua.

Hatua ya saba: viwavi wakitokea, walinde hapo hapo tawini

Adui wa kiwavi ni wengi: kunguru, majimoto, na nzi na nyigu wanaotaga mayai mwilini mwake. Baadhi yao ni sehemu ya msitu na wana haki yao. Lakini mti ukiwa peke yake katikati ya makaazi, ambako kunguru wamezidi kiasi, si vibaya kufunika tawi moja lenye viwavi kwa mfuko wa neti uliofungwa kamba pande zote mbili. Uhamishe mfuko kwenda tawi jingine majani yakikaribia kuisha, na kila baada ya siku mbili ufungue upande wa chini kumwaga kinyesi, kwa sababu kikikaa na unyevu huleta ukungu.

Fanya mazoezi kwanza na kiwavi asiye adimu. Yule mnene mwenye pembe nyuma, anayekula matembele katika bustani za viazi vitamu, ni mwalimu mzuri. Tofauti yake ni kwamba yeye huingia udongoni kugeuka pupa, kwa hiyo mwekee ndoo yenye udongo. Mimi nilianza naye, na nilianza vibaya. Nilikata chandarua cha zamani nilichopewa kliniki, nikashona mfuko mzuri, nikaufunika mche wenye viwavi kumi na mmoja. Asubuhi iliyofuata wote walikuwa wamelala chini ya neti, wamejikunja, wengine wakitapika maji ya kijani. Chandarua kilikuwa kimetiwa dawa ya mbu, nayo haibagui. Tumia pazia jepesi la neti lisilo na dawa, lililofuliwa kwa maji matupu.

Kiwavi wa nondo-mwezi akishaacha kula na kuanza kuzungukazunguka, muda wa hariri umefika. Mwachie vijitawi ndani ya mfuko, usimsumbue kwa siku kadhaa, na kifukofuko kikishakauka uondoe neti, ili nondo atakapotoka asikute mlango umefungwa. Mwaka ujao mvua zikikaribia, pita kila jioni. Atatoka na mabawa yaliyonyong'onyea kama kitambaa kilicholoa, atapanda mpaka apate pa kuning'inia, na itachukua saa kadhaa kabla hayajanyooka na kukauka. Asiguswe katika muda huo, wala asimulikwe kwa tochi. Akiwa jike, huenda akabaki tawini hapo hapo akilingoja dume, nawe urudi baada ya siku chache kukagua majani ya karibu kama yana mayai, na uandike tarehe.